Picha Namba Tano

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, mengine tunayasukuma hivyo hivyo. Wifi yako anakusalimu. Kifua kilichokuwa kinambana kimeachia. Binti yangu ameanza darasa la kwanza na amekwishapigana mara mbili, zote anasema alichokozwa. Sijui karithi kwa nani. Mimi utotoni sikuwa napigana, nilikuwa napigwa tu, na mpigaji unamjua kwa sababu ndiye anayesoma barua hii.

Nakuandikia kwa ajili ya baba. Tangu tumzike mama mwezi wa kumi na moja, akili yake inakwenda na kurudi. Jina langu analipata, la wifi yako anabahatisha. Kinachomshinda kabisa ni kwamba mama hayupo. Kila asubuhi akishamaliza chai anavaa koti, anachukua fimbo, anatoka kwenda kumtafuta. Tukimwambia mama alifariki, analia kama ndiyo kwanza anasikia, na kesho yake tunaanza upya. Muuguzi wa kliniki ametuomba tuache kumwambia. Ametushauri tuweke chumbani picha kubwa ya mama, uso uwe sawa na uso wa mtu mzima, ili akiamka amwone na atulie. Anasema tusichelewe, kwa sababu hivi sasa bado anamkumbuka na hajui atamkumbuka mpaka lini.

Hapo ndipo nilipokwama. Diski iliyokuwa na picha za nyumbani ilikufa mwaka juzi. Picha za zamani za karatasi ziliozea sandukuni, unakumbuka paa lile lilivyokuwa linavuja. Kitambulisho chake kimechakaa, usoni pamebaki doa. Picha pekee niliyoipata ni ya harusi ya jirani yetu muuza magodoro, mwaka jana mwanzoni. Watu arobaini wamepangwa kwenye ngazi, mama yuko mstari wa nyuma kabisa, anacheka. Uso wake wote una upana wa nukta themanini, vile vitone vya rangi vinavyounda picha kwenye kompyuta. Kwa picha ya ukutani nahitaji nukta karibu elfu mbili.

Nimejaribu njia tano za kuikuza. Vipande vya majaribio nimekufungia humu, namba nimeandika nyuma kwa penseli. Sikutumii kwa simu kwa sababu kwenye simu kila picha ni nzuri, ukiiweka kwenye karatasi ndipo inakuumbua. Na pia mimi na wewe siku hizi tukipigiana simu tunaishia kukatiana.

Namba moja, programu inairudia kila nukta ilivyo, mara ishirini na nne kila upande. Mama amekuwa vigae vya bafuni. Namba mbili inaangalia nukta na majirani zake, inatafuta wastani na kujaza katikati. Amekuwa laini, lakini ni kama unamwona kupitia kioo chenye mvuke. Namba tatu inaangalia majirani wengi zaidi na kunoa kingo. Tazama kitambaa cha kichwani, utaona kimezungukwa na mstari mweupe ambao mama hakuuvaa. Namba nne ndiyo ile wakongwe wa kazi hii wanayoiapia: unakuza kidogo kidogo, asilimia kumi kila mara. Nimeirudia mara thelathini na tatu, mkono umekufa ganzi, na tofauti yake na namba mbili siioni hata kwa lenzi. Namba tano ni programu mpya. Hii haikuzi, inabuni. Imeonyeshwa nyuso za watu maelfu kwa maelfu, kwa hiyo ikikuta ukungu inasema hapa pangekuwa na kope, hapa jino, na inaviweka. Kama vile anayemalizia sentensi yako kabla hujasema.

Chagua wewe, ndiwe mkubwa. Sitaki tena kuambiwa niliamua peke yangu, kama ulivyosema kuhusu jeneza la mama.

Mdogo wako,
Fundi Picha

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ndio si mzima. Hapa hospitali wametuletea mashine mpya za kufulia, kubwa kama vyumba, na msimamizi mpya ambaye umri wake ni wa kubebwa na mimi mgongoni, lakini ananiita "wewe". Nafua mashuka ya wagonjwa mia tatu kwa siku. Mwambie wifi namshukuru kwa salamu, na huyo mpiganaji mwambie shangazi yake anamwombea ushindi.

Vipande nimevipanga kwenye meza ya kulia chakula, siku tisa. Nakula nikivitazama.

Namba moja umenitumia ya nini? Namba tatu inanitia kichefuchefu na ile mistari yake. Mbili na nne ni kitu kimoja, hapo tumekubaliana, na huwa hatukubaliani. Namba tano nimeishika kuliko zote. Ni mwanamke mzuri, ana ngozi ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha maisha yake yote. Lakini mwanya wake uko wapi? Mama alikuwa na mwanya wa kupitisha njiti ya kibiriti, na huyu meno yake yamepangwa kama ya tangazo la dawa ya meno. Halafu macho yote mawili yamefunguka sawasawa, wakati kope la kushoto la mama lilikuwa limeshuka, linaziba karibu nusu ya mboni. Huyo si mama. Huyo angekuwa mdogo wake mama, kama angekuwa na mdogo.

Weka namba mbili. Ina ukungu, lakini aliye ndani ya ukungu ni mwenyewe.

Sasa nikuulize, na unijibu bila kunipiga chenga. Wewe umewapiga picha mama wa watu mtaa mzima. Dirisha la studio yako limejaa mama wa watu, wengine wameungua na jua humo kwa kukaa. Imekuwaje wa kwako umtafute mstari wa nyuma kwenye harusi ya muuza magodoro? Diski ilikufa, sawa, nimesikia. Nieleze ilikuwa na picha gani.

Dada yako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Nyumbani hatujambo. Binti yangu aling'oka jino na anaonyesha pengo kwa kila mpita njia. Wifi yako amebadilishiwa zamu, sasa anarudi saa kumi jioni, na kuanzia asubuhi mpaka saa hiyo baba ni wangu. Nimemwekea kiti studio. Jana mteja alikuwa anajitengeneza nywele, nikageuka kubadilisha taa, nilipogeuka tena kiti kitupu. Nimemkuta saluni ya wanawake, mitaa miwili mbele. Alikuwa ameingia kumwulizia mama kwa kila aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia. Msusi, Mungu ambariki, alikuwa amemwosha kichwa ili asiondoke. Nilimshika mkono tukarudi, kichwa chake kinanukia maua.

Namba mbili nitaichapa kama ulivyosema. Kuhusu diski, ilikuwa na mambo mengi, na kuyachambua hakutairudisha. Usinikalie kooni, dada. Nina kazi, nina mtoto, nina mzee anayetoroka.

Lakini kuna kitu kwenye barua yako kimenikosesha raha. Kope la mama lilishuka mwaka juzi, baada ya ule ugonjwa uliompooza upande mmoja wa uso kwa wiki tatu. Wewe una miaka tisa hujakanyaga huku. Kwenye picha ya harusi kope halionekani, pale macho yote mawili ni vivuli tu, nukta zenyewe sita sita. Kwenye simu yake ile ndogo mlikuwa mkisikiana sauti basi. Nani alikuambia linaziba nusu ya mboni?

Na kama ni siku ya maswali, na mimi nina langu, nililiuliza siku tunazika na simu ikakatika. Ile ruhusa ya kuja kwenye maziko, kazini waliikataa, au hukuiomba?

Mdogo wako

5 Mei

Dada,

Wiki sita kimya. Nilidhani barua imepotea, nikaenda posta, wakaniambia barua hazipotei, watu ndio hawajibu. Wifi yako anakusalimu, ila ameanza kuniuliza kama tumegombana na mimi namwambia hapana.

Nakueleza yaliyotokea, usije ukasema hukuambiwa. Namba mbili niliichapa na kuitundika. Ukisimama mlangoni, hatua nne, ni mama mtupu. Wifi yako aliingia na sinia la chai akaliweka chini sakafuni, akakaa. Sikuwa nimekosea kazi. Picha huitengenezi kwa ajili ya ukuta, unaitengeneza kwa ajili ya mahali atakaposimama mtu, na mimi nilipima kutoka kitandani. Nilichosahau ni macho ya baba. Yana mtoto wa jicho, haoni kitu mpaka akikaribie kabisa. Aliinuka, akaenda mpaka pua ikagusa karatasi, na ukisimama hapo hakuna mama, kuna ukungu. Akaniuliza, "Mbona mmemfunika?" Akaanza kumfuta kwa mkono wa shati. Alifuta siku tatu. Siku ya nne wino ulikuwa umechubuka shavuni, akavaa koti akatoka. Tulimtoa kwenye mtaro wa maji machafu, ameshonwa nyuzi sita juu ya nyusi.

Basi nikachapa namba tano. Nilijaribu kumrudishia mwanya kwa brashi ya kwenye programu, ikawa kama kang'olewa jino kwenye ugomvi. Kope nililishusha, akawa kama analala upande mmoja. Nyuso sijui kuchora, najua kuzipiga tu. Nikaiacha ilivyo. Baba aliikaribia, akaiangalia, akasema, "Umerudi." Tangu siku hiyo ni siku kumi na tisa hajaligusa koti. Anamsimulia habari za mtaani. Akila anamwachia kipande pembeni mwa sahani.

Kama ulikuwa na la kusema kuhusu namba tano, muda wake umepita.

Mdogo wako

24 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mimi mzima. Nampa pole baba kwa jeraha, na wifi kwa kuuguza.

Ndani ya bahasha kuna picha. Itoe kwanza, uitazame, kisha urudi hapa.

Mama alipigwa hiyo mwezi wa tano mwaka jana, na yule mpigapicha wa mtaa wa juu mnayemwita Bwana Cheka. Iko wazi, hata uzi wa kola unaonekana, programu haihitaji. Ilinifikia pamoja na barua aliyoiandika mwenyewe kwa zile herufi zake kubwa. Alisema uso wake umebadilika na alitaka niuzoee mapema, nisije nikashtuka siku nikirudi. Alisema alikuja kwako mara tatu. Ya kwanza ulimwambia akae kwenye benchi, akakaa mpaka ukafunga. Ya pili ulimwambia kesho. Ya tatu alivaa gauni lake la kijani, akapaka wanja, na wewe ukampa ule mwavuli mweupe wa taa akushikie, umpige picha mama wa mteja. Akaushika. Ulipomaliza ukamwambia ahsante mama, akaenda zake kwa Bwana Cheka. Hakukusema vibaya. Aliandika, "Mdogo wako ana kazi nyingi, Mungu ampe nguvu." Hilo la Mungu akupe nguvu ndilo lililonifanya nikuchukie. Nimeshindwa kuliandika kwa upole, basi nimeliandika hivyo.

Kwa hiyo uliposema diski imekufa, nilijua humo hakukuwa na picha hata moja ya mama. Nilitaka uniambie mwenyewe. Nilijiapia kwamba siku ukisema kweli, siku hiyo hiyo picha itakwenda posta. Nikangoja. Ukanieleza nukta, ukanieleza wastani na asilimia kumi kumi, kwa ufundi mwingi, na neno moja nililolitaka hukulisema. Neno la kope liliniponyoka kwa hasira. Ulipolishtukia nikanyamaza, kwa sababu ningekujibu ningekuwa nimekutangulia kukiri.

Utasema nimemwacha baba ahangaike miezi mitatu ili nikukomeshe. Ni kweli. Nilitaka uumie na sikuwa na njia nyingine ya kukufikia huko. Habari ya mtaro nimeisoma nimesimama kwenye chumba cha mashuka, nikakaa chini juu ya mashuka machafu.

Mtoe huyo mwanamke ukutani, umrudishe mama.

Dada yako

16 Juni

Dada,

Shikamoo. Baba hajambo, nyuzi zimetolewa. Wengine wazima.

Picha ilifika tarehe tatu. Niliifungulia studio, nikafunga mlango na kugeuza kibao. Bwana Cheka nimemdharau miaka kumi, lakini taa kaiweka panapotakiwa, na safari hiyo hakumlazimisha mtu kucheka. Mama anaangalia moja kwa moja kwenye lenzi. Mimi kazi yangu yote sijawahi kuangaliwa na mama hivyo, kwa sababu sikuwahi kusimama mahali pale.

Hujatia chumvi. Ni mara tatu, na mwavuli ni kweli. Aliushika vizuri, hata mkono haukutetemeka, na nakumbuka nilijisemea kwamba afadhali leo amekuja, amenisaidia. Diski haikufa. Ipo hapa mezani, inazunguka, imejaa harusi za watu. Hilo ndilo neno ulilokuwa unalingoja, nimelisema. Sasa na wewe lisikie lako: ulikuwa na uso wake humo ndani mwako, pengine droo moja na vijiko, ukala chakula ukitazama vipande vyangu, ukanisahihishia meno. Baba akitoka na fimbo yake kila asubuhi, wewe ulikuwa unajua alipo anayemtafuta. Nimejaribu kukusamehe kama wiki nzima. Nitajaribu tena.

Nilifanya ulivyoagiza. Niliinakili, nikaichapa kwa ukubwa ule ule kwenye karatasi nzito. Jumapili mchana, baba akiwa anaogeshwa, nikaitoa namba tano na kumtundika mama. Kweli kabisa, dada, hata mimi nilisimama pale nikashindwa kutoka. Mwanya upo kidogo, kwa sababu midomo haikufungwa sana. Kope lipo.

Baba akaingia, wifi yako amemshika mkono. Akaenda karibu kama kawaida yake. Akaangalia muda mrefu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akafunga kifungo cha juu cha shati, akamsalimia kwa heshima kama unavyomsalimia mke wa mtu. Akanigeukia na kuninong'oneza, "Huyu mama kamfuata nani humu? Mpeni kiti sebuleni. Mke wangu akirudi akamkuta chumbani, nitajieleza vipi?"

Nikamwambia, "Baba, huyu ndiye mama."

"Mke wangu namjua," akasema. "Nilikuwa naongea naye asubuhi. Mmempeleka wapi?"

Nilivumilia siku tatu, nikijidanganya kwamba atamzoea. Siku zote tatu alilala sebuleni, hakutaka kubaki chumba kimoja na mgeni. Siku ya tatu alivaa koti, akafika mpaka barabara kubwa. Nikairudisha namba tano. Akaigusa shavu, akakaa kitandani, akalia kwa furaha mpaka kwikwi, na mimi nikatoka kwenda kunawa uso. Muuguzi alitusihi tuwahi wakati bado anamkumbuka. Tuliwahi, dada, ila tulimpelekea mtu mwingine, na mtu huyo amekaa mahali pote pa mama. Pangekuwa na nafasi mwezi wa pili, au wa tatu. Sasa hakuna.

Wala si baba tu. Kila asubuhi baba ananitaka nimwamkie mama, nami namwamkia, kwa sauti, na binti yangu anamwamkia pia. Mwezi uliopita nilikuwa naona aibu. Siku hizi sioni kitu, naamkia na kwenda kazini.

Kwa hiyo picha yako nakurudishia, imo humu, nimeizungushia kadibodi isikunjike. Nakala niliyoichapa nimeichana, na ile ya kwenye kompyuta nimeifuta. Siwezi kumficha mama kwenye droo ya pili huku namwamkia yule wa ukutani. Kuhusu ruhusa ya maziko hukunijibu, na sasa sikuulizi tena.

Mama amebaki kwako. Mimi nimebaki na baba, na mkewe.

Mdogo wako